Uzi wa wati tano: redio ya ridhaa kutoka juu ya gorofa, Umoja, Nairobi

Wati5_Umoja

Hamjambo wadau. Juzi nilitaja mahali kwamba huwa naongea na watu wa Italia kwa redio inayorusha nguvu ndogo kuliko balbu ya choo. Nusu ya walionijibu walisema naongopa, nusu nyingine wakauliza inauzwa duka gani kule mtaa wa Luthuli. Acha niyamwage yote hapa, na wenye mchezo huu waongeze yao.

Mimi ni mtu wa redio za ridhaa, yaani wale tunaorusha mawimbi kwa kupenda tu, bila mshahara wala matangazo. Leseni ninayo kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, na alama yangu ya wito, yaani jina langu la hewani, inaanza na 5Z4 kama za wengi wetu Kenya. Iliyobaki siiweki hapa, mwenye nyumba wangu naye anapitia mitandao. Natumia Morse, ile lugha ya nukta na mistari, megahezi 14, wati tano. Hizo wati tano sikujitungia. Ndio mpaka ambao wacheza redio wa dunia wamezoea kuuita QRP kwa Morse, na wanaotumia sauti wameongezewa hadi kumi. Yenyewe QRP ni ufupisho wa wapiga Morse wa zamani: ukiweka alama ya kuuliza mwishoni, unamuuliza mwenzako kama upunguze nguvu.

Mimi nilipunguziwa na mfuko. Redio mpya ya wati mia ni pesa ya kufungulia kibanda cha chipsi. Yangu ilikuja kama pakiti ya vipande kutoka ng'ambo, nikakaa nayo mezani wiki tatu, kila jioni nikilehemu. Kilichonitoa jasho ni zile pete ndogo za kuzungushia waya wa shaba, waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Pete moja ilitaka mizunguko zaidi ya thelathini. Nikiwa kwenye wa ishirini na saba mtoto akaniita nimfungulie soda, nikasahau hesabu, nikaufumua wote. Ilipokamilika ikawa ndogo kuliko pakiti ya unga ya kilo moja. Betri ni ya volti 12, zile za alamu za mlango, na nikiwa nasikiliza tu inanipeleka wikendi nzima.

Antena ndiyo rahisi kuliko vyote. Chukua 143, gawanya kwa megahezi unazotaka: 143 kwa 14.06 ni mita 10.17. Kata waya wa kawaida wa umeme vipande viwili, kila kimoja mita 5 na sentimita 8, funga vipande vya bomba la plastiki kwenye ncha, na pale katikati ushushe waya wa dishi ya TV. Ndiyo, wa TV. Redio inataka waya wa omu 50 na huo wa TV ni 75, lakini dipoli, yaani antena hii ya vipande viwili, ikiwa juu hewani yenyewe inakaribia 73, kwa hivyo wanaelewana. Taabu yake ni kwamba ile suka ya nje huwa ya aluminiamu, haishiki risasi ya kulehemu hata uibembeleze namna gani. Tumia konekta za kusokota za fundi wa dishi uachane na vita hivyo.

Maswali karibuni.

MgeniMjini

Wati 5? Chaja ya simu yangu inazidi hapo. Zinafikaje Italia wakati simu yangu haishiki mtandao nikiingia kwenye lifti?

Wati5_Umoja

Chaja yako tutairudia, ina kesi.

Kwanza hesabu. Kushuka kutoka wati 100 hadi 5 ni kupoteza desibeli 13. Kwenye mita ya redio ukali wa ishara unapimwa kwa S, na hatua moja ya S ni desibeli sita. Kwa hivyo mwenye wati mia akisikika Italia kwa S7, mimi nitasikika kama S5, na S5 kwa Morse ni mtu anayekusemesha mezani. Nitakapopotea ni pale ambapo yeye mwenyewe tayari yuko chini chini.

Pili, mawimbi ya megahezi 14 hayafuati barabara. Yanapanda mpaka ionosfia, mamia ya kilomita juu, yanarudishwa chini, yanadunda tena. Roma ni zaidi ya kilomita 5,000 kutoka hapa, yaani kama midundo miwili. Kinachochekesha ni kwamba Mombasa, kilomita kama 440 tu, siipati kabisa kwenye masafa haya. Mawimbi yanairuka Mombasa yakiwa bado juu. Nina rafiki Nyali tuliyesoma naye, na ili niongee naye inabidi tushuke wote megahezi 7 mchana, la sivyo nampigia simu kama watu wengine.

Usiniamini mimi. Tafuta redio yoyote inayoshika masafa mafupi kwa Morse, uiweke megahezi 14.100. Kuna mpango wa vituo 18 vya ishara vilivyotawanywa duniani, vinapokezana kila sekunde kumi, na baada ya dakika tatu zamu inarudi kwa wa kwanza. Hata sisi tuna chetu, kinaitwa 5Z4B. Kila kituo kinataja jina lake kwa Morse, halafu kinapiga mistari minne, kila mmoja sekunde moja. Jina na mstari wa kwanza ni wati 100. Wa pili ni wati 10. Wa tatu ni wati 1. Wa nne ni moja ya kumi ya wati. Kaa na hedifoni jioni uhesabu mistari. Kuna siku utasikia miwili tu, kuna siku hata jina hulipati, na kuna siku utasikia yote minne kutoka bara lingine na utaketi kimya.

Kijana_wa_Donholm

Lakini mkuu, WhatsApp ipo. Naweza kumpigia Mwitaliano kwa video nikimwona na mbwa wake.

Wati5_Umoja

Unaweza, ukiwa na namba yake. Mimi sina namba ya mtu. Naita CQ, yaani wito kwa yeyote anayesikia, sijui nani atajibu.

FundiWaWaya

Tuambie kuhusu mwenye nyumba. Mimi naishi Kasarani, keateka, mtunza ploti, ameshanikatia antena mara mbili. Anasema naiba stima.

Wati5_Umoja

Hahaha, hilo wamefundishwa chuo kimoja. Wa kwangu alipanda juu siku ya pili akanikuta nimechuchumaa nyuma ya tangi la maji.

"Bosi, hii waya inatoka wapi na inaenda wapi?"

Nikamwambia haiendi popote. Inaanzia hapa inaishia pale. Hilo likamtia wasiwasi zaidi, maana waya usiokwenda popote ameuona wapi. Nikamvisha hedifoni. Akasikiliza kama dakika nzima akiangalia chini, kisha akaniuliza: "Inashika mpira?"

"Hapana."

"Sasa ni ya nini?"

Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo sina. Nilichofanya ni kumwonyesha betri, nikamwonyesha hakuna waya hata mmoja unaogusa stima ya ploti, nikamwomba aje na mwenye nyumba. Mzee alikuja Jumapili baada ya kanisa, akatazama, akasema mradi mvua isiingie kwake na paa lisitobolewe. Sikutoboa kitu. Nguzo ya katikati ni mwanzi uliofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli kwenye chuma cha kamba za nguo.

Na hapo ndipo balaa lilipotokea. Jumamosi moja nawasha redio, nasikia kama nimezibwa masikio. Napima SWR, kipimo cha nguvu inayokataliwa na antena ikarudi kwenye redio, iliyokuwa 1.5 imekuwa zaidi ya 4. Nikafikiri tranzista za mwisho zimeenda. Nikafungua redio, nikapima, nikanusa (ukilehemu sana unajifunza kunusa), kila kitu kizima. Nusu saa hivi. Nikapanda juu kutazama konekta, nikakuta mablanketi mawili mazito, yaliyoloa, yameanikwa kwenye antena yangu, moja kila upande, na vibanio vya nguo. Mwanzi umepinda kama ndoana.

Jirani wa gorofa ya nne alikuwa anamalizia shuka. "Baba, asante kwa kamba mpya. Hizi za landilodi zilikuwa zimeshaoza."

Ungesema nini? Nilimsaidia kuanua, nikamnunulia kamba ya manila ya mita ishirini, tukaifunga pamoja upande wa pili. Nikamwomba pia asiguse huo waya nikiwa hewani. Ncha za dipoli zina volteji hata kwa wati tano, na sitaki mtoto wa mtu aniambie ameumwa na kamba ya nguo. Sasa nimeinua ncha zote mbili juu ya kimo cha mtu.

FundiWaWaya

Mpira wa baiskeli nimeuiba huo ujuzi. Na radi je? Mwezi wa nne mimi huwa naogopa hata kuwasha TV.

Wati5_Umoja

Radi haina mchezo. Mvua ndefu zikianza Machi mpaka Mei, na zile fupi za Oktoba hadi Disemba, mimi nachomoa waya kwenye redio na kuutupa nje ya dirisha kila nikimaliza, hata kama anga ni safi. Na hata mvua ikiwa iko Kisumu utaijua, hedifoni zinapasuka kama mahindi ya kukaangwa. Sisi wa karibu na ikweta tunaishi na radi za mbali karibu mwaka mzima. Mzungu wa Finland akiniambia bendi iko kimya namwonea wivu.

MgeniMjini

Umesema chaja yangu ina kesi.

Wati5_Umoja

Kesi kubwa, wala si yako peke yako.

Watu wakisikia wati tano wanafikiri taabu yangu ni kusikika. Taabu yangu ni kusikia. Ploti yetu ina gorofa sita na nyumba nne kwa kila gorofa. Kila nyumba ina balbu za LED za bei ya chini, chaja tatu nne, TV, ruta ya waifai, na siku hizi wengine wana inveta ya sola. Kila kimoja cha hivyo kinakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kile cha bei rahisi huwa kimenyimwa vichujio ndani ili bei ishuke. Kelele inatoka kwa waya wa ukutani na kuingia kwenye antena. Mita yangu ilikuwa inakaa S8 kabla sijasikia mtu yeyote. Sasa Mwitaliano wa S5 yuko wapi hapo? Amezikwa. Yeye ananisikia vizuri kabisa, ananijibu, na mimi naendelea kuita kama kiziwi. Hata ningenunua wati mia tano nisingemsikia zaidi.

Kuwinda kelele ni kazi ya upelelezi. Anza kwako: redio kwenye betri, zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikishuka, mshukiwa unalala naye. Isiposhuka, chukua redio ndogo ya kawaida ya AM, iweke mahali pasipo na stesheni, tembea nayo kwenye korido. Inaponguruma mlangoni kwa mtu, umefika. Kazi ya kugonga mlango na kueleza ndiyo ngumu. Wa kwanza alidhani nauza dini.

Yule mama wa mablanketi ndiye alikuwa na balbu mbaya kuliko zote, moja tu, ya jikoni. Nilimpelekea balbu nyingine bure tukabadilishana. Kelele ilishuka hatua mbili za S. Hesabu mwenyewe: hatua mbili ni desibeli 12, karibu sawa na Mwitaliano kuongeza nguvu kutoka wati 5 hadi 80 bila yeye kujua. Kwa bei ya balbu.

Ruta yangu mwenyewe niliifunga pete ya feraiti kwenye waya wa adapta, ikatulia nusu. Adapta ya laptopu imeshindikana kabisa, inabaki imechomolewa.

Nyanda_za_Ngong

Ndiyo sababu mimi nimeacha kurushia nyumbani. Napanda Ngong na mwanzi wa kuvulia samaki na betri kwenye begi. Kileleni ni kama mita 2,460, lakini si urefu ninaoufuata, ni ukimya. Unawasha redio unadhani imeharibika.

Askari anayetusindikiza aliniuliza kama nawasiliana na ndege. Nikasema hapana. Akauliza kama nawasiliana na majambazi. Nikampa hedifoni asikilize, nikamwandikia Morse ya jina lake kwenye karatasi ya sigara, sasa kila nikifika ananipigia jina lake kwa mluzi. Amekosea herufi moja, lakini sijamwambia.

Upepo wa kule ni mwingine lakini. Juzi umenivunjia mwanzi juu.

Wati5_Umoja

Pole kwa mwanzi. Nitakuja siku moja, nikishapata ruhusa ya nyumbani, maana Jumamosi zangu si zangu.

Kijana_wa_Donholm

Sawa, nimeanza kuvutiwa. Saa ngapi ndiyo nzuri? Na hii UTC mnayoandika kila mahali inanichanganya.

Wati5_Umoja

Kwangu mimi kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku, kwa megahezi 14. Mchana wa jua kali napanda 21 au 28. Jua liko kwenye mzunguko wake wa 25, na ule upeo wake uliotangazwa mwaka 2024 umetupa raha ya miaka kwenye bendi za juu. Raha yenye matusi lakini: ile dhoruba ya jua ya Mei 10 na 11, 2024 iliyowapa Wazungu anga za rangi rangi, sisi ilitupa hedifoni zenye ukimya wa kaburi.

Kuhusu UTC, ile saa moja ya dunia nzima, hapa Waswahili tumebarikiwa bila kujua. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, na saa yetu ya kuhesabia kutoka alfajiri iko nyuma ya ile ya Kizungu kwa saa sita. Ukichanganya hizo mbili: mchana, chukua saa ya Kiswahili ujumlishe tatu, basi. Saa nne asubuhi ni 0700 UTC. Saa kumi na mbili jioni ni 1500. Usiku jumlisha kumi na tano: saa mbili usiku ni 1700, saa nane ni 2300, na ukipita 24 toa 24. Mimi siandiki tena saa ya Kizungu popote, natoka saa ya nyanya yangu naingia UTC moja kwa moja.

Na jambo moja niseme ukweli kabla hamjanisifu. Sehemu kubwa ya bahati yangu si ufundi. Ni herufi. Kwenye Ulaya kuna maelfu kwa maelfu ya wacheza redio, Kenya tuko wachache sana hewani. Mtu wa huko akisikia nukta tano, kisha ile *daa-daa-di-di*, kisha *di-di-di-di-daa*, yaani 5Z4, anaacha chai yake. Anakaza sikio kunitafuta. Ningekuwa Mjerumani na wati tano hizi hizi ningeita mpaka nilale. Hasara yake ni kwamba wakishanisikia wanakuja ishirini kwa mpigo, wote na wati mia zao, na mimi na kelele yangu ya S6 sitofautishi nani ni nani.

FundiWaWaya

Ile siku stima ilipotea nchi nzima ulikuwa wapi?

Wati5_Umoja

Ijumaa, Agosti 25, 2023. Nashukuru umeuliza.

Ilikuwa karibu saa nne usiku. Nilikuwa nimevaa hedifoni, nasikiliza ile kelele ya kila siku na stesheni moja mbili juu yake. Mara giza. Watoto wa ploti nzima wakapiga ile "aaah!" yao. Na kwenye hedifoni, mlio ule wote ukakatika kama mtu amefunga mfereji. Mita ikaanguka kutoka S7 hadi kwenye S1. Nilidhani betri imekata. Kisha nikaanza kuwasikia: mmoja, wawili, kumi. Mhispania. Mbulgaria. Wahindi wawili wakiongea polepole. Na huko chini kabisa, sauti nyembamba inayotetemeka, Mmarekani wa pwani ya mashariki akiita CQ. Miaka miwili juu ya paa lile sikuwahi kumsikia Mmarekani hata mmoja.

Nikamjibu. Akarudi na "5Z?" tu. Nikarudia alama yangu mara tatu. Akarudi "5Z4?" Nikarudia tena, mikono inatoka jasho, napiga nukta zisizo na mpango. Akafifia. Sikumpata tena.

Nina daftari la rangi mbili: walionisikia na kunithibitishia naandika kwa kalamu, wenye shaka kwa penseli. Huyo hata penseli hakustahili. Majirani walikuwa chini wakilaani giza na nyama iliyo kwenye friji. Mimi nilikaa juu mpaka saa saba usiku.

Tangu siku hiyo keateka ananijua.

MgeniMjini

Na Mmarekani hukumpata mpaka leo?

Wati5_Umoja

Ngoja, nilikuwa nimepanga kuja kuandika hili.

Jana saa mbili na nusu usiku mlango unagongwa. Keateka, na tochi ya simu. "Bosi, imepotea." Hiyo tu. Nikachukua betri nikapanda ngazi mbili mbili, nikamwacha mke wangu akitafuta mshumaa.

Bendi ilikuwa wazi. Dakika chache nikasikia CQ, yule mtetemo wa mbali, kutoka jimbo la New York. Safari hii nilijikanya nipige taratibu. Alama yangu mara mbili, nikanyamaza. Akarudi nayo nzima, hajakosea hata nukta. Akanipa 339, yaani ananisikia kwa taabu lakini anasoma ninachopiga. Nikampa 559, jina, Nairobi, wati 5. Akarudi akaanza: "R R TNX FER...", yaani nimepokea, asante kwa..., na hapo hapo taa za Umoja nzima zikawaka, watoto wakashangilia, na ile kelele ikarudi juu yake kama blanketi.

Sijui alimalizia nini. Nimemwandika 1742, kwa penseli.